Hatua Arobaini Kutoka Jiwe Jeupe

Jumatano, mjini. Mvua ya masika imepiga alfajiri ikakatika, sasa kuna joto la kunata na madimbwi kila uchochoro. Moyo wangu haujakaa mahali pake tangu jana.

Nimekaa dukani kwa binti yangu Zuhura, hapa Hurumzi, mbele ya kompyuta yake, nawaandikia nyinyi mnaonisoma mtandaoni. Mwenyewe katoka kwenda kutafuta maboksi. Nnagonga kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe kina sugu ya kamba, kwa hiyo herufi zikienda kombo msinisahihishe. Kusoma nimejifunzia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, tukifundishwa jioni katika banda la skuli. Tulianza wanawake kumi na moja. Wengi waliacha, wakasema macho, wakasema wajukuu. Mie sikuacha. Sisemi haya kwa kujisifu.

Aa, kwa kujisifu. Na leo kujisifu ndiko kulikonikalisha hapa.

Kwa asiyenijua, mie ni Bi Mgeni wa Bwejuu. Kazi yangu makumbi. Yale maganda ya nazi mnayoyatupa nyinyi, sisi tunayafukia pwani kwenye mchanga, pale maji yanapojaa na kupwa, tunayaacha yaoze miezi sita, wengine mwaka. Halafu siku za bamvua, maji yanapokimbilia mbali kabisa, tunayafukua, tunayapiga kwa gongo mpaka zibaki nyuzi tupu, na nyuzi hizo ndizo tunazosokota kamba na kufumia mazulia ya mlangoni. Hakuna dawa, hakuna mashine. Bahari inafanya nusu ya kazi na mgongo wangu unafanya nusu nyengine. Harufu yake ukiizoea huisikii. Usipoizoea utatoka mbio.

Zuhura ndiye aliyegundua kwamba kazi hii ina mnunuzi huku mjini. Mama mmoja wa Kizungu alikuja nyumbani kwa Zuhura kuulizia chumba cha kupanga, akafuta miguu kwenye zulia langu pale mlangoni, akainama, akaliinua, akalinusa, akataka kulinunua. Mie nilikuwepo. Nilidhani mwanamke yule kapungukiwa. Mtu anunue kitu kilichofutiwa miguu na mtaa mzima? Zuhura hakucheka. Wiki ile ile alikuja Bwejuu na daftari, akapita nyumba kwa nyumba, nani anasokota, nani anasuka ukili wa mikeka, nani anatia viua kofia. Sasa ana duka, na kila kitu dukani kina kikaratasi chenye jina la mtu aliyekifanya. Anasema wanunuzi wa siku hizi wanataka kujua mkono ni wa nani.

Basi ngoja niwaambie mkono ni wa nani.

Kwetu shimo la makumbi haliwekwi bendera wala mti juu yake. Ukiweka alama ni kama umewaambia wenzio kwamba ni wezi. Kila mwanamke anajua shimo lake kwa moyo. Ndani yake, juu ya makumbi, unaweza ukatia kitu chako ukitaka, lakini juu ya mchanga hakuna kitu, bahari inapita inasawazisha, mgeni akitazama ataona pwani tupu. Shimo langu liko hatua arobaini kutoka Jiwe Jeupe kuelekea kusini. Hatua arobaini tangu nikiwa mwari. Mama yangu alinipeleka pale akanihesabisha kwa sauti mpaka nikaota. La Bi Tatu liko njia hiyo hiyo, kabla ya kufika langu.

Bi Tatu ni jirani yangu, umri wetu mmoja. Hana maneno mengi. Kamba yake ni nzuri kuliko yangu, na hilo leo ndiyo mara ya kwanza nnalitamka.

Bamvua tatu nyuma nilikwenda kufukua. Nikasimama kwenye Jiwe Jeupe, nikahesabu arobaini, nikachimba. Makumbi nikayakuta. Kitu kimoja sikukikuta: mie kila mwaka hutia kipande cha sahani yangu ya harusi, ile yenye mstari wa buluu, ilivunjika zamani nikaweka vipande vyake. Sahani haikuwepo.

Nilisimama na jembe mkononi. Niliona haipo. Mafungu sikuyahesabu, wala fundo sikulitazama. Nikajiambia bahari imeichukua. Bahari haijawahi kunichukulia sahani, lakini siku ile nikaamua imechukua, kwa sababu Zuhura alikuwa na oda ya hoteli ya mazulia arobaini na mie nilishamwambia yatakuwa tayari.

Nikapiga. Nyuzi zikatoka laini, nyeupe, ndefu, sijapata kuona. Zuhura akazishika akasema, "Mama, mara hii umefanyaje?" Nikamwambia ni mkono, mwanangu, mkono haufundishwi.

Wallahi nilisema hivyo.

Bamvua iliyofuata Bi Tatu naye akaja kufukua. Tulikuwa wanawake wengi pwani, wengine kwenye mwani, wengine kwenye mashimo. Akachimba, akachimba, halafu akaja nilipo, miguu imejaa tope.

"Bi Mgeni, shimo langu tupu."

"Tupu vipi?"

"Tupu. Nimechimba mpaka nimekuta maji."

Nikamwambia kwa sauti, wenzangu wasikie, kwamba basi makumbi yake yametembea, yamekwenda Muscat kusalimia jamaa. Wakacheka. Kicheko chao kikanipa nguvu. Nikamwambia, "Umesahau ulipofukia, shoga. Hesabu hatua zako vizuri."

"Mie sijasahau."

"Basi hukufukia. Umefukia kwa mdomo."

Alikung'uta mchanga kwenye tenga lake, akalipindua chini juu, akalikung'uta tena ingawa lilishakuwa safi, akaenda zake.

Ningeishia pale ingekuwa nafuu. Sikuishia. Nilikuja hapa dukani nikamwambia Zuhura amtoe Bi Tatu kwenye orodha, mtu ambaye hana makumbi atampa nini. Alikuwa atiwe dukani kwa mara ya kwanza, picha yake ilikuwa ishapigwa, ile amejifunga kanga anatazama pembeni kwa haya. Zuhura akaiteremsha ukutani. Halafu nikakaa kwenye kiti hiki hiki nikaandika humu, mkasoma wenyewe, juu ya wanawake wa siku hizi wanaofukia kwa mdomo. Mkacheka mlioko Muscat, mkacheka mlioko London. Mmoja akaandika, "Bi Mgeni, wape vidonge vyao." Nikafurahi siku mbili.

Neno halikai pwani. Likafika Mkokotoni, kwa mtoto wa kiume wa Bi Tatu anayeuza samaki sokoni kule. Akaja kumtazama mama yake. Akauliza majirani, majirani wakasema ndiyo, siku hizi anasahau. Mmoja akamwambia juzi sufuria lilimuungulia. Mie mwaka huu nimeunguza masufuria mangapi? Hata sikumbuki. Lakini mtu akishasemwa kuwa anasahau, kila sufuria lake linakuwa ushahidi. Mtoto, maskini, si mbaya. Kaona haya kumwacha mama yake peke yake na moto. Kasema Ijumaa baada ya sala atakuja na gari, atamchukua yeye na kitanda chake, akaishi Mkokotoni. Nyumba itafungwa.

Tatu hajawahi kulala nje ya Bwejuu ila alipokwenda kuzika.

Na kuna jengine, na hili lina uchungu kuliko yote, nimelizunguka tangu nianze kuandika. Jumamosi iliyopita alikuja kwangu. Alikaa pale barazani, akaivuta kanga mdomoni, akasema polepole:

"Mgeni, nambie kweli. Uliniona mwaka jana nikifukia?"

Nilikuwa nimemwona. Tulifukia siku moja. Alikuwa na mafungu sita na mimi nilikuwa na saba, na alinisaidia kuburura langu la mwisho. Nikamwambia, "Sikumbuki, shoga."

Nilikuwa nakumbuka.

Sikuwa najua bado kwamba makumbi yale nimeyachukua mie. Hilo naapa. Nilichojua ni kwamba nilishamsema mbele za watu, na nikisema nilimwona, mwongo nitakuwa mie. Akainuka, akasema, "Basi labda." Maneno hayo mawili tu. Basi labda.

Sasa jana. Bamvua imeanza, maji yako mbali, nikaenda na makumbi mapya kufukia ya mwaka ujao. Nikasema nisifukie pale pale, nisogee mbele kidogo, mchanga upumzike. Nikasogea, nikapiga jembe, likalia kwenye kitu kigumu. Nikainama, nikapapasa.

Mstari wa buluu.

Chini yake makumbi yangu yote, mafungu saba, yamefungwa kwa fundo langu. Hayajaguswa na mtu.

Nilikaa chini. Kanga ikalowa mpaka kiunoni. Halafu nikajikokota mpaka Jiwe Jeupe, nikaanza kuhesabu kutoka mwanzo mpaka kwenye ile sahani. Nikafika hamsini na mbili.

Nikarudi nikahesabu tena. Hamsini na mbili.

Jiwe halikuhama. Ni goti langu. Goti hili la kulia lilinitupa mkono baada ya Idi, na mie nilikataa kulisema. Zuhura aliniletea fimbo, nikaitia uvunguni. Nikawa natembea hatua fupi kama kuku aliyefungwa mguu, na mdomoni bado nnahesabu hatua za mwari. Arobaini zangu za sasa zinaishia kwa Tatu. Nimefukua makumbi ya Tatu, nimepiga makumbi ya Tatu, nikasifiwa kwa makumbi ya Tatu, halafu nikamwambia yeye ahesabu vizuri.

Nikaifukia tena sahani yangu na makumbi yangu, kama vilivyokuwa. Nikapita mlangoni kwake wakati wa kurudi. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Nikamsikia ndani anafunga vyombo, anahesabu vikombe. Kimoja, viwili, vitatu, mpaka sita. Halafu anaanza tena, kimoja, viwili. Hajiamini hata kwa vikombe sita.

Sikubisha hodi.

Leo asubuhi nimeoga, nimevaa buibui, nimekuja mjini. Njiani nikajidanganya kwamba nimekuja kwa ajili ya vile vikaratasi, kwamba lazima hilo litengenezwe kwanza, hoteli inakuja kuchukua mzigo saa nane. Uongo. Nimekimbia. Mwanamke mzima nimekimbia mlango ulioegeshwa.

Mazulia yako hapa miguuni pangu, yamepangwa, kila moja na kikaratasi. Zuhura kaandika vizuri: "Kazi ya mikono ya Bi Mgeni wa Bwejuu, kwa makumbi aliyoyafukia mwenyewe." Aliyoyafukia mwenyewe. Na picha yangu, kidevu juu.

Zuhura karudi. Ngoja.

Nimemwambia. Nilidhani nitalia, sikulia, nilikuwa mkali kama kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Alikuwa ameshika maboksi, akayaweka chini moja moja.

"Mama, vikaratasi vishachapwa vyote."

"Nipe mkasi."

"Hoteli inakuja saa nane."

"Kwa hiyo usisimame. Nipe mkasi."

Nimevikata vyote. Sasa naandika vipya kwa kalamu, kwa mkono wangu, na mwandiko wangu mnaujua, unapanda mlima. Makumbi ya Bi Tatu. Kamba ya Bi Mgeni. Tatu ni jina jepesi kuandika, namshukuru mama yake. Zuhura amechukua nusu. Halafu akaniuliza bila kuinua kichwa, "Na lile la hesabu?"

"Nitalisema pwani."

"Mbele ya wote?"

"Kwani nilimsema chumbani?"

Akataka kumpigia simu yule mtoto wa Mkokotoni sasa hivi. Nikamkataza. Kwenye simu atasema mama yake katuomba tumtetee. Tena atasema, maskini, wazee hao wawili wanapendana. Mtu akishaamini mama yake anasahau, maneno hayamtoi. Inatakiwa atazame shimo. Nimemwambia Zuhura ampigie, lakini amwambie neno moja tu, aje kesho badala ya Ijumaa, na awahi, saa nne maji yatakuwa mbali. Kapiga. Mtoto kauliza kuna nini. Zuhura kasema Bi Mgeni ana jambo. Naye kasema ataangalia kama atapata mtu wa kumshikia meza yake ya samaki.

Ataangalia. Sijui maana yake nini. Huenda asije.

Na Tatu mwenyewe huenda asitoke nyumbani. Huenda akaniambia, "Usinihurumie, Mgeni, nimezeeka." Kwa sababu nimemfundisha mie kusema hivyo. Huenda nikamwonyesha ile sahani akasema nimeitia leo. Ningekuwa yeye ningesema.

Kisha niseme na la mwisho, maana nikiliacha nitakuwa nimewadanganya tena. Nilipomaliza kumweleza Zuhura habari ya hatua, alilitazama goti langu. Kisha akatazama juu, kwenye dari, upande wa chumba kile cha juu anachowekea mabunda. Naujua mtazamo ule. Ndio mtazamo aliokuja nao mtoto wa Tatu kutoka Mkokotoni. Anapima kama kitanda changu kitaingia.

Hilo ndilo lililonifunga mdomo mlangoni kwa Tatu jana. Si haya peke yake. Nikisema Tatu hakusahau, lazima mtu awe amekosea, na mtu huyo ni mie, na kesho watasema, Bi Mgeni naye, siku hizi. Nitaletwa huku juu, ghorofa ya pili, dirisha linatazama ukuta, kamba nisokotee nini. Nilikuwa tayari Tatu aende Mkokotoni ili mie nibaki Bwejuu. Nimeiandika. Nimeitazama ilivyo. Siifuti.

"Hata usifikirie," nimemwambia Zuhura. "Mie nimekosea kuhesabu. Sijakosea kujua ninapoishi."

"Sijasema kitu, Mama."

"Umetazama dari."

Akacheka kidogo. Halafu akaenda nyuma, akarudi na picha ya Tatu, ile ya kanga, akaifuta vumbi kwa kiwiko, akaitundika pale ilipokuwa. Iko upande. Nimemwambia aisawazishe, kaisawazisha, bado iko upande.

Hoteli wamekuja wamechukua mzigo. Mzee mmoja wao alisoma kile kikaratasi akauliza Bi Tatu ni nani. Nikamwambia ni fundi wangu. Nikajirudi. Nikamwambia, "Ni fundi."

Makumbi yangu yaliyomo chini ya sahani, mafungu saba, ni yake. Nitayafukua kesho mbele yake na kuyapiga ni mie nitakayeyapiga, goti hili hili, na nyuzi nitampelekea barazani. Hazitakuwa laini kama zile zake. Ataziona na hatasema, ndivyo alivyo, na nitakijua anachokificha.

Gari yetu inaondoka saa tisa. Nimeitoa fimbo? Haiko hapa, iko uvunguni Bwejuu. Nitaitoa leo. Nikifika nitapita kwa Tatu kwanza, kabla ya kwangu, na mlango ukiwa umeegeshwa nitabisha, na ukiwa umefungwa nitabisha zaidi. Sijui nitaanza na neno gani. Maneno yote niliyonayo ni ya kugombeza.

Labda nisianze na neno. Labda nimshike mkono tu mpaka asubuhi ya kesho itufikishe Jiwe Jeupe, wanawake wote wapo, mtoto wake awepo au asiwepo, nimsimamishe pale mbele yangu na nimwombe: Tatu, hesabu wewe, kwa sauti. Mie nitakufuata nyuma.